Walimu Wasio na Nafasi: Kampala na Nusu Karne ya Elimu Maalumu

Mwezi Januari 1997 Uganda ilianza kuwasomesha watoto wa shule za msingi bila ada. Ilikuwa ahadi ya kampeni za urais za mwaka uliotangulia, na mwanzoni ilikuwa na mpaka: kila familia ingepeleka watoto wanne tu, na serikali ingewalipia. Ndani ya kanuni hiyo kulikuwa na kipengele ambacho watu wengi wamekisahau. Kama katika nyumba kuna mtoto mwenye ulemavu, basi huyo ndiye wa kwanza kuandikishwa kabla ya ndugu zake. Mtoto ambaye miaka yote alibaki uani akilinda kuku wakati wenzake wakienda shule, sasa alitangulizwa kwa amri ya serikali.

Sijui nchi nyingi za eneo letu zilizothubutu kuandika sharti kama hilo wakati ule. Lilikuwa sharti jema, na wazazi walilitii. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi, iliyokuwa takriban milioni 3 mwaka 1996, ilipita milioni 5 mwaka uliofuata. Darasa la kwanza katika shule za Kampala na viunga vyake lilijaa hadi watoto wakakaa sakafuni, wengine madirishani, wengine chini ya mwembe. Na katikati ya halaiki hiyo alikaa yule aliyetangulizwa: kiziwi asiyeona midomo ya mwalimu kwa sababu ya vichwa vilivyo mbele yake, au asiyeona ubao hata angekaa mstari wa kwanza.

Nani angemfundisha? Jibu la haraka ni kwamba hapakuwa na mtu, kwa kuwa walimu wa elimu maalumu hawakuwepo. Jibu hilo limerudiwa katika semina na ripoti hadi limekuwa kama sala. Lakini historia ya Kampala inasema jambo jingine. Walimu hao walikuwepo, wakisomeshwa ndani ya jiji hilihili, juu ya kilima cha Kyambogo, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Kilichokosekana ni kitu kidogo cha ofisini, kisichovutia hata kukitaja: nafasi ya kazi yenye jina lao.

Ili kuelewa ilikuwaje, inabidi kurudi nyuma hadi miaka ya 1950.

Mwaka 1946 kijana Mwingereza asiyeona, John Wilson, alianza safari ndefu ya kuzunguka makoloni ya Afrika na nchi za Mashariki ya Kati akichunguza hali za vipofu. Alikuwa amepoteza macho akiwa na umri wa miaka 12, katika mlipuko wa maabara ya kemia shuleni kwao. Aliporudi London alishinikiza hadi Januari 1950 ikaanzishwa jumuiya ya vipofu wa himaya ya Uingereza, ambayo leo tunaijua kwa jina la Sightsavers. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizofikiwa mapema. Sir Andrew Cohen, gavana aliyewasili Entebbe mwaka 1952, ndiye anayetajwa na wanahistoria wa elimu ya nchi hiyo kuwa ndiye aliyeipa jumuiya hiyo nafasi ya kuanza kazi.

Mwaka 1955 ikafunguliwa shule ya wasioona Madera, nje kidogo ya mji wa Soroti, chini ya misheni ya Kikatoliki. Huko Mukono, upande wa mashariki wa Kampala, kituo cha Salama kiliwafundisha watu wazima wasioona kulima: kupima mistari kwa kamba, kutambua magugu kwa vidole, kufuga. Jambo hilo liliwashangaza wageni wengi waliodhani kipofu wa Kiafrika ana kazi moja tu, ya kukaa kando ya njia na bakuli.

Viziwi walianza baadaye kidogo, na safari yao ni ya Kampala kabisa. Mwishoni mwa muongo huo, mfanyabiashara wa mjini mwenye asili ya Kihindi, Sherali Bandali Jaffer, ambaye mwenyewe alikuwa mzazi wa watoto viziwi, aliungana na wenzake Waafrika na Wazungu wakaunda jumuiya ya kuwasaidia viziwi wa Uganda. Madarasa ya mwanzo yalikuwa ya kuazima, katika eneo la Mengo na Namirembe. Hatimaye shule ilipata makao yake Ntinda, ambako ipo mpaka leo ikiitwa Uganda School for the Deaf. Wakati ule Ntinda ilikuwa pembezoni mwa jiji. Sasa imezungukwa na maduka makubwa, baa na foleni za magari zisizokwisha.

Tazameni vizuri mpangilio huo, kwani ndio uliotutawala hadi leo. Shule ya wasioona ililetwa na jumuiya ya London pamoja na kanisa. Shule ya viziwi ililetwa na baba mwenye uwezo na uchungu wa watoto wake. Serikali ilikuja baadaye, ikalipa mishahara ya baadhi ya walimu na kuleta mkaguzi mara mojamoja. Mwalimu wa elimu maalumu alizaliwa katika mikono ya hisani, na hisani haina orodha ya watumishi.

Tena mwalimu huyo hakuwa na mahali pa kujifunzia nyumbani. Aliyetaka ujuzi wa kufundisha viziwi alitazama Uingereza, hasa Chuo Kikuu cha Manchester, ambacho kilikuwa na idara ya kazi hiyo tangu mwaka 1919. Manchester ilikuwa ngome ya walioamini kwamba kiziwi lazima afundishwe kusema kwa kinywa na kusoma midomo ya wenzake. Imani hiyo ilikuwa imepata nguvu tangu mkutano wa Milano wa mwaka 1880, ambapo walimu wengi, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, walipiga kura ya kuziondoa ishara madarasani. Amri ya Milano ikasafiri miaka 80 hadi kwenye vilima vya Buganda. Watoto waliozaliwa katika nyumba za Luganda, Kiteso au Kigujarati walikalishwa kutamka maneno ya Kiingereza ambayo hawajawahi kuyasikia, huku mikono ikikatazwa kusema.

Mikono haikunyamaza. Bwenini, uwanjani, kwenye foleni ya uji, watoto walizungumza kwa ishara, na wageni wakajifunza kwa wenyeji. Lugha ya alama ya Uganda ilikulia hapo, katika saa ambazo mwalimu hayupo. Naiona kuwa habari ya ajabu kidogo katika historia ya ualimu: kwa miaka mingi wanafunzi wa shule hizo walijua kitu muhimu kuliko walimu wao, na mwalimu akilipwa mshahara kwa kukizuia.

Miaka ya 1970 ilikuja na misukosuko yake. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa watu wa asili ya Asia siku 90 waondoke nchini. Jamii iliyokuwa ikichangia shule, zahanati na vyama vya hisani vya Kampala ikatoweka kwa miezi mitatu. Walimu wa kigeni wakaondoka mmoja baada ya mwingine, wasomi wa Uganda wakakimbilia Nairobi na kwingineko. Ndicho pia kipindi walemavu wenyewe walipoanza kujikusanya. Chama cha wasioona kilianzishwa mwaka 1970, na cha viziwi, kinachoitwa UNAD, mwaka 1973. Walipobaki bila wafadhili, walishikana wao kwa wao. Kisha ikaja vita ya 1979, na vita ya msituni ya Luwero, na katika miaka hiyo hakuna aliyekuwa na muda wa kuuliza habari za mwalimu wa nukta nundu.

Serikali mpya ilipoingia Kampala Januari 1986, ilikuta elimu yote imechakaa. Mwaka 1987 iliunda tume ya kupitia sera ya elimu na kumkabidhi Profesa William Senteza Kajubi aiongoze. Ripoti ya Kajubi ya mwaka 1989, na waraka wa serikali uliofuata mwaka 1992, ndizo zilizoweka msingi wa mambo mengi tunayoyaona sasa, pamoja na wazo kwamba elimu ya watoto wenye ulemavu ni wajibu wa dola.

Wakati huohuo Wadenmark walikuwa wamekwisha kuingia Afrika Mashariki kwa mlango wa Kenya. Kwa msaada wao Chuo cha Elimu Maalumu cha Kenya, KISE, kilianzishwa Nairobi mwaka 1986, na mtandao wa vituo vya kuwapima watoto ulikuwa tayari umeanza huko. Uganda ikafuata njia hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mafunzo ya walimu wa elimu maalumu yalianza Kyambogo, kwenye kilima kilichokuwa na historia ndefu ya kuandaa walimu. Mafunzo hayo yalilelewa kama idara, na katika miaka ya 1990 yakawa taasisi inayojitegemea kwa sheria ya Bunge, ikiitwa UNISE.

Kwa mara ya kwanza mwalimu wa Arua au Kabale hakulazimika kuota Manchester. Aliyekuwa ameshafundisha madarasa ya kawaida alipanda taksi ya Jinja Road, akashuka Banda, akakwea kilima akasome: namna ya kumfundisha mtoto asiyesikia, asiyeona, mwenye ulemavu wa akili; namna ya kusoma na kuandika nukta nundu; namna ya kumwongoza kipofu kutembea na fimbo; namna ya kuzungumza na mzazi anayeficha mtoto. Wengine walisoma wakiwa kazini kwao, kwa masomo ya masafa, wakija Kyambogo wakati wa likizo tu. Hawa wa masafa ndio walioifikisha elimu hii vijijini.

Sambamba na UNISE, mwaka 1992 ulianzishwa mpango wa EARS, wa kuwapima watoto na kuwatafutia msaada. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa sioni mpango mwingine uliokaribia zaidi kulitatua tatizo letu. Katika kila wilaya aliwekwa mkaguzi msaidizi wa shule aliyeshughulikia watoto wenye mahitaji maalumu peke yao. Wilaya ilikuwa na kituo chenye vifaa vya kupimia masikio na macho. Chini yake, shule ziligawanywa katika makundi ya shule 15 hadi 20, na kila kundi likapewa mwalimu mratibu aliyesomeshwa na UNISE, aliyezunguka kwa baiskeli au pikipiki. Mratibu huyo hakuwa na darasa la kujifungia. Kazi yake ilikuwa kuingia darasa la mwenzake, kukaa nyuma, kutazama, kisha kumwambia kwa upole: yule mtoto unayemchapa kwa uzembe hasikii upande wa kushoto, mhamishe. Au: huyu ana macho mafupi, apelekwe hospitali ya wilaya. Watoto wengi waliodhaniwa kuwa wazito wa akili walikuwa na masikio yenye usaha tu, au hawaoni ubao.

Elimu maalumu ya namna hiyo haikuhitaji shule mpya wala mabweni. Ilihitaji mtu mmoja mwenye ujuzi, pikipiki, petroli, na ruhusa ya kutofundisha darasa lake mwenyewe. Ruhusa hiyo ndiyo iliyokuwa kitovu cha mpango mzima, na ndiyo iliyokatika.

Mikutano ya kimataifa iliusukuma mwendo huo mbele. Juni 1994, huko Salamanca, Hispania, wajumbe wa serikali 92 walikubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo mahali pa kila mtoto. Mwaka uliofuata Uganda ilipitisha katiba mpya, na ndani yake dola ikaagizwa kuendeleza lugha ya alama kwa ajili ya viziwi. Nchi chache sana duniani zilikuwa zimefanya hivyo. Lugha iliyokulia bwenini ikaingia katiba ya nchi. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia Bungeni akiwa na mkalimani pembeni yake, akawa mbunge kiziwi wa kwanza barani Afrika. Kwa hiyo kengele ya Januari 1997 ilipolia, Uganda ilikuwa na sheria, chuo, mtandao wa wilaya, na hata mbunge. Kwa karatasi, ilikuwa imejiandaa kuliko majirani zake wote.

Kisha wanafunzi zaidi ya milioni 2 wakaingia kwa mpigo.

Mwalimu mkuu mwenye watoto 120 katika darasa moja na walimu sita katika shule nzima hawezi kuvumilia kumwona mwalimu wa saba akizunguka na pikipiki kutazama masikio. Akamwita, akampa chaki. Kote nchini waratibu wa elimu maalumu walirudishwa madarasani, mmoja mmoja, bila tangazo lolote. Haikuwa dhuluma, mimi ningekuwa mwalimu mkuu yule ningefanya vilevile. Lakini tangu siku hiyo mwenye diploma ya Kyambogo alihesabiwa kama mwalimu wa darasa la tatu.

Fedha za Denmark zilipungua na hatimaye kukoma mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mfadhili hakufanya kosa. Hakuna mfadhili wa milele. Tatizo ni kwamba pikipiki, petroli, mafunzo ya likizo na vifaa vya kupimia vilikuwa vimekaa kwenye bajeti ya mradi, wala havikuhamishiwa kwenye bajeti ya serikali kabla ya mradi kufungwa. Ofisi ya mkaguzi wa elimu maalumu ilimezwa na ukaguzi wa jumla. Na wakati huohuo ramani ya nchi ilikuwa ikikatwakatwa: wilaya 45 za mwaka 1997 zilikuwa zimepita 110 kufikia mwaka 2010. Kila wilaya mpya ilianza na ofisi tupu na orodha fupi ya watumishi. Mkaguzi mmoja wa elimu maalumu aliyehudumia wilaya mama alibaki kwa mama. Wilaya binti hazikurithi mtu.

Hapa ndipo penye fundo lenyewe, nalo ni la kiutawala. Kyambogo inamsomesha mwalimu. Wizara ya Elimu inaandika sera. Wizara ya Utumishi wa Umma inaamua ni nafasi zipi ziwepo na zilipwe kiasi gani. Na anayemwajiri mwalimu wa shule ya msingi, tangu katiba ya 1995 na sheria ya serikali za mitaa ya 1997, ni tume ya utumishi ya wilaya. Tume hiyo inajaza nafasi zilizoandikwa. Nafasi zinagawiwa kwa kuhesabu vichwa vya wanafunzi. Shule ya kawaida yenye watoto wanne wasiosikia na watatu wasioona inapata walimu sawasawa na shule isiyo na hata mmoja wao. Hakuna mstari kwenye fomu unaouliza. Mwenye diploma ya elimu maalumu akiajiriwa, anaajiriwa kama mwalimu wa msingi, kwa mshahara wa mwalimu wa msingi, na anaweza kuhamishwa wiki ijayo kutoka kwenye kitengo cha viziwi kwenda shule isiyo na kiziwi hata mmoja.

Kwa hiyo nchi ilipokuwa ikilalamikia uhaba, walimu wa elimu maalumu walikuwa wametapakaa ndani ya shule zake kama chumvi iliyoyeyuka katika maji: haionekani, wala huwezi kuichota. Wengine walipandishwa wakawa walimu wakuu au maofisa. Wengine walichukuliwa na mashirika yasiyo ya kiserikali, ambayo angalau yaliutambua ujuzi wao kwa mshahara. Na wengine wakaenda shule binafsi za Kampala, ambako mzazi mwenye fedha na mtoto mwenye usonji yuko tayari kulipa muhula kile ambacho mwalimu wa serikali hakipati kwa miezi mingi.

Mwaka 2003 taasisi tatu za kilimani, yaani chuo cha ufundi, taasisi ya ualimu na UNISE, ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Elimu maalumu ikawa kitivo. Kwa usomi hiyo ilikuwa hatua: zikaja shahada, baadaye za uzamili, na mafunzo ya wakalimani wa lugha ya alama. Mwaka 2006 ilitoka kamusi ya lugha ya alama ya Uganda, kazi ya watafiti viziwi na wanaosikia kwa pamoja. Mmoja wao, Sam Lutalo-Kiingi, ambaye ni kiziwi, aliandika tasnifu ya uzamivu kuhusu sarufi ya lugha hiyo na kufundisha Kyambogo. Ile mikono iliyokatazwa kusema ikawa somo la chuo kikuu. Lakini UNISE kama taasisi yenye sheria yake, mkuu wake na sauti yake mbele ya waziri, ilikwisha. Kitivo husubiri zamu yake ndani ya chuo kikubwa chenye wahandisi, wahasibu na migomo yake.

Mwaka huo wa 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Iliitaka serikali itenge angalau asilimia 10 ya matumizi yote ya elimu kwa mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu. Miaka miwili baadaye Uganda ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao. Sensa ya 2014 ilionyesha kwamba asilimia 12.4 ya Waganda wenye umri wa miaka miwili na zaidi wana ulemavu wa aina fulani, kwa hiyo ile asilimia 10 haikuwa upendeleo hata kidogo. Haikufikiwa mwaka wowote, wala kukaribiwa. Bajeti za elimu maalumu zilibaki kwenye sehemu ndogo ya asilimia moja, nyingi zikiwa ruzuku kwa shule maalumu na ununuzi wa vifaa. Sheria ile ilikuja kufutwa na nyingine mwaka 2020.

Kuna upungufu mwingine ambao hautajwi sana, wa viziwi wenyewe katika ualimu. Anayejua lugha ya alama kuliko wote ni aliyekua nayo. Lakini hata kuingia vyuo vya zamani vya ualimu vya cheti ilikuwa lazima ufaulu mtihani wa kidato cha nne, pamoja na Kiingereza na hisabati. Shule za sekondari za serikali kwa ajili ya viziwi ni mbili tu, Mbale na Wakiso. Mtoto kiziwi aliyefundishwa na mwalimu asiyejua ishara anafeli, akifeli haingii chuo, asipoingia chuo nafasi yake darasani inachukuliwa na mwalimu mwingine asiyejua ishara. Ndani ya shule nyingi utamkuta kijana kiziwi akiitwa msaidizi, analipwa kidogo kutoka mfuko wa shule, na ndiye ambaye mwalimu humgeukia kila neno linapomshinda. Nikiulizwa ni wapi pa kuanzia, ningeanza na huyo.

Janga la korona lilifika Machi 2020, na shule za Uganda zikafungwa. Zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, baada ya mapumziko marefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Serikali ilichapisha vijitabu vya kusomea nyumbani na kurusha masomo redioni. Redio kwa kiziwi, kijitabu cha wino kwa kipofu: hakuna aliyekusudia ubaya, ila hakukuwa na mtu mezani wa kuuliza swali hilo wakati mipango ikipangwa. Katika wilaya, mtu huyo ndiye yule mratibu aliyepewa chaki.

Mwaka huo wa 2022 ulikuwa na mengine. Julai serikali iliwapandishia mishahara walimu wa sayansi wa sekondari, mwenye shahada akafikia shilingi milioni 4 kwa mwezi, mara kadhaa ya mshahara wa wenzake wa sanaa. Walimu wa sanaa walikuwa wamegoma tangu Juni, na wa shule za msingi wakaungana nao. Katika mabishano yote hayo nilisikia fizikia ikitajwa, historia ikitajwa, sikusikia mtu akiuliza mwalimu wa nukta nundu yuko upande upi. Mwezi huohuo Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, na mara moja kila mtu akauliza: walimu watatoka wapi? Sisi wapenzi wa lugha hii tulifurahi, ingawa swali lenyewe Kyambogo walikuwa wakilisikia kwa miaka 30 kuhusu somo jingine.

Oktoba 25 mwaka uleule, usiku, bweni la shule ya wasioona ya Salama, Mukono, liliungua. Watu 11 walikufa, wengi wao watoto wa kike. Magazeti yaliandika juu ya milango, madirisha yenye nondo na ulinzi. Ni kweli. Ila mtoto wa Kampala au Masindi asiyeona analala bwenini Mukono kwa sababu shule ya jirani na kwao haina mwalimu wa kumfundisha. Mahali ambapo mwalimu haendi kwa mtoto, mtoto hupelekwa kwa mwalimu, na safari hiyo ina mabweni ndani yake.

Sasa kuna mpango mpya. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu, hata wa chekechea, awe na shahada. Vyuo vya zamani vya cheti vinaondolewa, na taasisi mpya ya ualimu, UNITE, yenye makao yake Shimoni, Wakiso, imepewa jukumu hilo. Nadharia ni kwamba kila mwalimu mpya atapata sehemu ya elimu jumuishi ndani ya masomo yake. Nina wasiwasi na nadharia hiyo. Kozi moja ya muhula haimpi mtu lugha ya alama, sawa na vile kozi moja haimpi Kifaransa. Mwalimu wa kawaida anahitaji kujua lini aombe msaada, na kwa nani. Huyo wa kuombwa bado hayumo kwenye fomu.

Na Kyambogo bado wanasoma. Kila mwaka walimu kutoka wilaya mbalimbali wanakwea kutoka Banda, wengi wakijilipia ada kwa mikopo ya chama cha akiba au kwa mshahara uleule mdogo, wakiacha watoto wao kwa bibi. Wanahitimu, wanapigwa picha na majoho chini ya miti, wanarudi shuleni kwao. Mwisho wa mwezi hati ya mshahara inakuja na jina lao, shule yao, na cheo kilekile walichoondoka nacho.